Picha Safi na Picha Aminifu: Historia ya Filamu Moja Katika Matoleo ya Nyumbani

Neno "safi" lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwanza, hutaja kitu kisicho na uchafu, kama vile maji safi au nguo safi. Pili, husifu jambo lolote lililofanywa vizuri, na ndiyo maana mtu aliyependezwa na kazi ya mwenzake humwambia, "Safi!" Katika mambo mengi maana hizi mbili hukaa pamoja bila kugombana. Lakini katika jambo la filamu zinazotolewa ili zitazamwe nyumbani, zimegombana kwa muda mrefu, na ugomvi huo umewafanya watu waharibu picha huku wakiamini kwamba wanaitengeneza.

Katika makala haya tunakusudia kueleza chanzo cha ugomvi huo kwa kufuata historia ya filamu moja, tangu ilipopigwa mwaka 1953 hadi ilipotolewa katika diski ya Blu-ray mwaka 2012. Filamu hiyo ni Dial M for Murder, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba imepatwa na karibu kila jambo linaloweza kuipata filamu inapohamishwa kutoka ukumbini kwenda sebuleni. Ya pili ni kwamba kisa chake hutegemea vitu vidogo vidogo vya nyumbani, hivyo nakala mbovu huweza kumficha mtazamaji ushahidi wenyewe. Mwishoni tutatoa rai kuhusu istilahi chache zinazohitajika.

Aina ya filamu na jina lake

Filamu hii ni ya jamii ya filamu za taharuki. Neno "taharuki" limekwisha kuzoeleka katika uhakiki wa fasihi kwa maana ya hali ya kungoja kwa wasiwasi litakalotokea, wala halina haja ya kutafutiwa badala. Shida iko katika kuitaja ile taharuki ambayo hatari yake hutoka kwa mume, kwa mke au kwa mgeni aliyekaribishwa chai. Tukisema "filamu ya taharuki ya nyumbani", msomaji anaweza kudhani kwamba ni filamu iliyotengenezwa nchini, kwa kuwa Kiswahili husema "soko la nyumbani" kikikusudia soko la ndani ya nchi. Tukisema "ya kinyumba", tunaingia katika maana nyingine kabisa, inayohusu watu wanaoishi pamoja pasipo ndoa. Tena kuna "toleo la nyumbani", yaani nakala ya filamu iliyotayarishwa kwa ajili ya kutazamwa na familia katika chombo chake. Basi ili kuepuka mkanganyiko, kisa cha namna hii tutakiita "taharuki ya ndani ya nyumba", na neno "nyumbani" tutaliachia matoleo.

Kisa chenyewe kiliandikwa na Frederick Knott. Kilionyeshwa kwanza katika televisheni ya BBC mwaka 1952, kisha mwaka huohuo kikachezwa jukwaani London na New York. Tony Wendice, mchezaji tenisi wa zamani, anagundua kwamba mkewe Margot amekuwa na mapenzi na Mmarekani mmoja, mwandishi wa hadithi za upelelezi. Anapanga mke auawe ili arithi mali yake, na anamshurutisha mtu mwingine aifanye kazi hiyo. Usiku wa tukio simu inalia, Margot anaamka kuipokea, na muuaji anamvamia kwa nyuma. Katika kujitetea Margot anashika mkasi na kumwua yeye. Hapo mume anaugeuza ushahidi hadi mkewe anahukumiwa kunyongwa. Kinachomwokoa ni ufunguo wa mlango: umefichwa wapi, na ni nani anayejua kwamba umo chini ya zulia la ngazi.

Jina la filamu hii lina bahati isiyopatikana mara nyingi katika tafsiri. Katika simu za kuzungusha za London ya wakati ule, herufi ziliandikwa kando ya tarakimu, na mtu alianza kwa kuzungusha herufi za mtaa anaoutaka. Herufi M ya jina hilo ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya kuua. Kwa Kiswahili nalo ni "mauaji", na M inabaki palepale. Mfasiri anaweza kuandika "Piga M kwa Mauaji" bila kupoteza kitu. Laiti mambo mengine ya filamu hii yangevuka kwa wepesi kama huo.

Filamu ilivyokuwa ilipotoka

Kampuni ya Warner Bros. iliipiga filamu hii katika kiangazi cha mwaka 1953, kwa muda wa siku 36. Waigizaji wakuu walikuwa Ray Milland, Grace Kelly, Robert Cummings, John Williams na Anthony Dawson. Mpigaji picha alikuwa Robert Burks. Yapo mambo matatu kuhusu upigaji wake ambayo hayana budi kukumbukwa, kwa sababu yote matatu yalikuja kuleta taabu baadaye.

Jambo la kwanza ni pande tatu. Filamu ilipigwa kwa kamera iliyopitisha mikanda miwili kwa pamoja, mmoja kwa jicho la kushoto na mwingine kwa jicho la kulia. Ukumbini ilihitaji projekta mbili zinazokwenda sawasawa, na watazamaji wenye miwani maalumu. Kwa kuwa projekta zote mbili zilikuwa kazini, haikuwezekana kubadilisha mikanda bila kusimama, na ndiyo sababu filamu ina mapumziko katikati. Hitchcock aliweka taa, chupa na viti karibu na kamera ili sebule ionekane kuwa na kina. Kamera hiyo haikuweza kusogezwa karibu mno na kitu, kwa hiyo ili kuonyesha kidole kikizungusha simu, ilibidi itengenezwe simu kubwa mno pamoja na kidole kikubwa cha bandia. Katika tukio la kushambuliwa, mkono wa Margot unanyoshwa kuelekea kwa mtazamaji ukitafuta cha kushika. Lakini filamu ilipotoka mwezi Mei 1954, shauku ya pande tatu ilikuwa imekwisha, na watu wengi waliiona ikiwa bapa.

Jambo la pili ni rangi. Filamu ilitangazwa kuwa ni ya WarnerColor, jina ambalo kampuni ililipa mkanda wa Eastmancolor uliosafishwa katika maabara yake. Rangi katika filamu hii zina kazi ya kusimulia. Margot anaanza kisa akiwa na mavazi ya kung'aa, likiwamo gauni jekundu. Kadiri balaa linavyomzunguka, mavazi yake yanazidi kuwa mazito na ya giza, hata mwisho hakuna tena dalili ya furaha katika nguo zake. Mtazamaji asiyeiona tofauti hiyo amenyimwa sehemu ya kisa.

Jambo la tatu ni umbo la picha. Hadi mwaka 1953, picha za Hollywood kwa kawaida zilikuwa na uwiano wa 1.37 kwa 1, yaani upana ulizidi kimo kwa kiasi kidogo. Mwaka huo studio zilianza kuhamia picha pana ili kushindana na televisheni. Filamu hii ikapigwa katikati ya mageuzi hayo. Negativu, yaani mkanda uliopita ndani ya kamera, ulikuwa na picha yenye kimo kirefu, lakini kumbi zilizokwisha kupata kiwambo kipana zilifunika sehemu ya juu na ya chini.

Zama za kaseti

Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, na JVC ikatoa VHS nchini Japani mwaka 1976. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuwa na filamu nyumbani kwake na kuitazama saa aitakayo. Ni ukombozi mkubwa, lakini ulikuwa na gharama yake. Picha ya VHS huonyesha mistari ipatayo 240 tu kwa upana, ilhali mkanda wa filamu wa milimita 35 una uwezo wa kubeba mara nyingi zaidi ya hapo. Ufunguo mdogo katika kiganja cha mtu unaweza kugeuka kuwa doa la kijivu.

Tena kaseti haikutolewa moja kwa moja kwenye negativu. Kutokana na negativu hutengenezwa nakala, na kutokana na nakala hiyo hutengenezwa nyingine, na hatimaye moja hupelekwa kwenye video. Kila hatua hupoteza kitu. Na iwapo nakala iliyotumika ilikuwa ya zamani ya Eastmancolor, basi rangi zake zilikuwa zimeanza kwenda wekundu, kwa sababu rangi za mikanda ya miaka ile hazikuwa imara. Katika filamu ambayo mwanamke anatoka katika nguo nyekundu kuingia katika nguo za giza, wekundu unaotapakaa kila mahali ni kosa la maana, mbali na kuwa ni kosa la macho.

Kulikuwa pia na tatizo la mifumo. Marekani ilitumia NTSC, Tanzania na Kenya zilitumia PAL, na Zaire ilitumia SECAM. Kaseti iliyoletwa kutoka Dubai au Uingereza ilichezeka Mombasa na Dar es Salaam, lakini ya kutoka New York ilihitaji mashine ya mifumo mingi. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde, na PAL huonyesha 25. Hivyo filamu ya dakika 105 kama hii hupita kwa dakika zipatazo 101, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Mtu akiona dakika 101 juu ya kasha, asiharakishe kusema kwamba filamu imekatwa.

Maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa katika zama hizo yanastahili kuangaliwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo wananchi wengi wa Bara waliijua video kabla ya kuijua televisheni, na neno "video" likabeba maana ya chombo, ya kanda, ya filamu na hata ya mahali pa kutazamia. Mashine ikaitwa "deki". Nakala iliyotoka kiwandani ikaitwa "orijino", na iliyorudufiwa mtaani ikaitwa "kopi". Watu walifahamu vizuri sana kwamba kopi ya kopi hufifia, ingawa hawakuwa na istilahi ya kulieleza jambo hilo.

Na likazaliwa, au tuseme likahamishwa, neno moja zuri mno: "chenga". Asili yake ni punje za mchele zilizovunjika. Watu walipoona vidoto vyeupe vikicheza juu ya kiwambo, kwa sababu ya kanda kuchoka au mawimbi kuwa hafifu, walisema, "Picha ina chenga." Hakuna kamati iliyoketi kulibuni neno hilo. Lilitoka kwa watumiaji wenyewe na likakaa mahali pake.

Zama za diski

DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Afrika ya Mashariki iliipokea pamoja na ndugu yake mdogo, VCD, ambaye picha yake katika mfumo wa PAL ina nukta 352 kwa 288. DVD ina nukta 720 kwa 576, yaani mara nne na zaidi ya hizo. Blu-ray, iliyoanza mwaka 2006, ina nukta 1,920 kwa 1,080, na ukizihesabu utaona kwamba ni mara tano kamili ya zile za DVD.

Dial M for Murder ilitolewa katika DVD mwaka 2004. Ilikuwa bapa, na ilikuwa na umbo la zamani lenye kimo kirefu. Mwaka 2012 filamu ilirejeshwa upya na kutolewa katika Blu-ray, pamoja na pande zake tatu, na safari hii ikiwa na umbo pana. Kwa mtu aliyekuwa na televisheni inayofaa, mkono wa Margot ulimfikia tena. Lakini furaha hiyo haikudumu, kwa maana kufikia mwaka 2017 watengenezaji wakubwa walikuwa wameacha kuunda televisheni za pande tatu.

Mtazamaji aliyezoea matoleo ya awali anaweza kuliona toleo la 2012 kuwa na kasoro tatu. Tutazichukua moja moja, kwa sababu ndizo kiini cha makala haya.

Kwanza, anaweza kusema kwamba picha imekatwa, kwa kuwa katika DVD aliona dari na sakafu zaidi. Ni kweli aliona zaidi. Lakini alichokiona zaidi ni sehemu ambayo kumbi zenye kiwambo kipana ziliifunika mwaka 1954. Wingi wa picha na ukamilifu wa picha ni mambo mawili mbalimbali.

Pili, anaweza kulalamika kwamba mahali fulani picha inakuwa na ukungu ghafla, hasa tukio moja linapoyeyuka na kuingia katika jingine. Hilo limo ndani ya filamu yenyewe. Zamani myeyuko wa namna hiyo ulifanywa kwa kurudufu mikanda katika mashine, hivyo kipande hicho ni cha kizazi cha chini kuliko vipande vinavyokizunguka. Katika VHS tofauti hiyo ilifichika, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na ukungu. Diski bora imeufichua ukweli.

Tatu, na hili ndilo kubwa, anaweza kusema kwamba picha ina chenga. Anachokiona hapa ni chembe. Picha ya filamu huundwa na chembe ndogo sana zilizotawanyika ndani ya mkanda, na katika mkanda wa rangi kila chembe huacha wingu dogo la rangi. Chembe hizo ndizo zinazobeba sura ya mtu, ufumaji wa gauni na meno ya ufunguo. Ukiziondoa, hubaki uso laini kama nta. Hata hivyo, watengenezaji wengi wa diski wamezifuta kwa mashine ili kumridhisha mnunuzi anayetaka "picha safi", na filamu nyingi za zamani zimeharibiwa kwa njia hiyo. Mashine haikujua tofauti kati ya taka na kitambaa, kwa kuwa aliyeiamuru hakuitaja tofauti hiyo.

Rai yetu kuhusu istilahi

Kutokana na historia hii tunaona kwamba ubora wa toleo la nyumbani haupimwi kwa kipimo kimoja. Tunapendekeza mambo yafuatayo yatofautishwe kwa maneno.

"Chenga" litumike kwa vidoto vinavyoletwa na kanda, mawimbi au chombo, ambavyo havikuwamo katika picha ya asili. "Chembe" litumike kwa punje za mkanda wa filamu wenyewe. Chenga ni kasoro. Chembe ni maumbile.

"Wingi wa nukta" litaje idadi ya nukta zinazounda picha, na "ukali" litaje jinsi kingo za vitu zinavyoonekana. Diski inaweza kuwa na nukta nyingi na bado ikakosa ukali, ikiwa ilitokana na nakala dhaifu.

"Kizazi" litumike kuonyesha umbali wa nakala kutoka kwenye negativu: kizazi cha kwanza, cha pili, na kuendelea. Mtaa ulikwisha kujua jambo hili uliposema "kopi ya kopi".

"Uwiano wa picha" litaje upana kwa kimo, na likitajwa liandamane na uwiano uliotumika ukumbini.

"Usafishaji" litumike kwa kazi ya kuondoa vumbi, mikwaruzo na chenga. "Urejeshaji" litumike kwa kazi kubwa zaidi ya kuirudisha filamu katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka, kwa rangi, umbo na sauti. Neno "ukarabati" lina ugumu hapa, kwa sababu mkarabati wa nyumba huruhusiwa kuweka dirisha jipya pale palipokuwa na la zamani.

Na juu ya yote hayo tunapendekeza "uaminifu wa nakala". Wafasiri wamelizoea neno hili: tafsiri aminifu ni ile isiyoongeza wala kupunguza, hata kama matini ya asili ina ugumu wake. Toleo la nyumbani nalo ni tafsiri ya aina yake, kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Halina budi kuulizwa swali lilelile.

Pengine baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya Hollywood, nasi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Tangu miaka ya 1990 filamu nyingi za Kiswahili zimepigwa kwa kanda za video, na kanda za sumaku huchakaa hata zikikaa kabatini. Mashine za kuzichezea nazo zinatoweka, kwa maana kiwanda cha mwisho kilichojulikana kuunda deki za VHS, cha Funai huko Japani, kiliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kanda hizo zitahamishwa katika vyombo vipya, au zitapotea. Katika kuzihamisha, mwenye kanda atamwandikia fundi maagizo, na maagizo hayo yatakuwa kwa Kiswahili. Filamu iliyopigwa kwa video haina chembe. Lakini inaweza kuwa na chenga zilizoingia siku ileile ya kupigwa, na nyingine zilizoongezeka kwa kurudufiwa. Fundi atahitaji kuelezwa zipi ziondolewe na zipi ziachwe. Akiandikiwa neno moja tu, "safisha", atasafisha vyote, na sura za waigizaji wetu zitaondoka pamoja na vumbi.

Tunawaomba mafundi, wauzaji wa filamu na watunzaji wa nyaraka watuletee maneno wanayoyatumia kazini mwao, kama mtaa ulivyotuletea "chenga". Istilahi zitakazodumu ni zile ambazo fundi atazitamka bila kusita akiwa mbele ya mashine yake.